Mkonge wa Wachelewaji

Elia mwanangu, ujumbe wako nimeupata. Mara ya kwanza niliusoma nimekaa. Mara ya pili niliusoma nimesimama, na chai ikapoa mezani.

Unaniandikia: "Shikamoo Madam. Tunaomba historia fupi ya shule yetu kwa ajili ya kijitabu cha sherehe, isizidi ukurasa mmoja, ionyeshe mafanikio, pamoja na picha yako ya pasipoti." Marahaba. Picha ya pasipoti ya nini, kwani nasafiri? Halafu ukaniambatanishia ile mliyokwisha kuianza, eti mimi nirekebishe tu hapa na pale. Sentensi ya kwanza kabisa inasema: "Shule yetu ilijengwa katika pori lisilo na mwenyewe."

Pori! Lisilo na mwenyewe! Hapo ndipo niliposimama.

Basi jibu hili si lako peke yako. Ni la wote mliosoma pale, mlioota vitambi na mlioanza kuota mvi, na ni la watoto walio darasani leo wanaodhani shule iliota yenyewe kama uyoga. Mmemwomba mwalimu mstaafu aseme, sasa kaeni chini mtulie. Nimefundisha na kuongoza sekondari za mkoa huu wa Dodoma mpaka magoti yakagoma. Nimejikalia zangu Ihumwa, treni ikipita kuku wangu wanaruka, nikadhani nimemaliza kugombana na wanafunzi. Kumbe wapi!

Utaniuliza neno pori lina ubaya gani. Nakujua, ulikuwa kiranja mkuu na ulipenda kuuliza. Ubaya wake ni kwamba kuna mtu mwaka huu amepakiwa X nyekundu ukutani kwa sababu ya neno hilo hilo. Ni yule bibi aliyekuwa akiwauzia karanga za kukaanga nyuma ya jengo la maabara, wakati wa mapumziko. Nyinyi mlimwita Bibi Karanga. Jina lake ni Sechelela, na sisi watu wazima tunamwita Mama Neema. Ameambiwa amevamia eneo la shule, abomoe nyumba aondoke. Aliyeitoa ardhi ndiye mvamizi. Jamani, kama si kichekesho hicho ni nini?

Ngoja nianze ninapotaka mimi, maana ukurasa mmoja umekwisha kujaa.

Shule yangu ya kwanza ya kazi, mkuu wangu alikuwa Mwalimu Ndahani, Mgogo mrefu mwenye sauti ya kufukuza nguruwe shambani. Huyo ndiye aliyenifundisha kwamba mwalimu wa sekondari huku kwetu lazima ajue udongo. Alikuwa akisema, "Usichague kiwanja kiangazi, Zaina. Kiangazi kila ardhi ina tabia njema." Nilimwona mzee mwenye maneno mengi. Baadaye nikahamishiwa shule moja ambayo kamati yake ilikuwa imechagua kiwanja mwezi wa nane, tambarare safi, hakuna jiwe wala kichuguu, wakapiga makofi. Kumbe ni mbuga, ule udongo mweusi. Masika ya kwanza ukawa uji. Kiangazi kilichofuata ukapasuka, na ukuta nao ukapasuka, mpaka watoto wa kidato cha pili wakawa wanasalimiana na wa kidato cha tatu kupitia ufa. Mmoja alipitisha rula, mwingine akapitisha muwa. Nilifundisha pale huku nikimkumbuka Ndahani kila niliposikia ukuta ukilia.

Kwa hiyo mkipewa kazi ya kujenga shule, nanyi mtapewa maana sasa ndio wakubwa, nendeni kiwanjani masika mkiwa na viatu vibaya. Ulizeni wanawake wanachota maji wapi, kwa sababu bila wao hata tofali moja halitafyatuliwa. Msielekeze madirisha mashariki, maana upepo wa kiangazi unatoka huko na unakuja na shamba zima la mtu, mchanga na mabua. Na jambo la mwisho, ambalo ndilo limenifanya niandike barua ndefu hivi, mjue nani alikuwa analima pale kabla yenu. Daima kuna mtu. Hii nchi kavu hii, penye karanga kuota hapaachwi bure.

Wakati ule serikali iliposema kila kata iwe na sekondari yake, Mwalimu Ndahani alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao, na wananchi wakamchagua mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Mimi nikateuliwa mkuu wa shule. Ukuu wa shule gani? Shule haikuwepo. Nilikuwa na barua ya uteuzi na boksi la chaki. Tulikaa chini ya paa la kanisa lao, tukaulizana tujenge wapi. Kila mzee alikuwa na shamba zuri la mwenzake la kutoa. La kwake hapana, la jirani ndiyo.

Ndipo akasimama mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, mjane, kitenge kimefifia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuvuta polepole, kwa kuwa nyumbani wanasema Kigogo. Akasema, "Mimi sikusoma. Lakini umbali naujua."

Binti yake, Neema, alikuwa amefaulu darasa la saba, wa kwanza katika ukoo ule. Akapangiwa sekondari mbali, huko huko zilikokuwa chache tulizokuwa nazo. Mabweni hakuna, akapangishwa chumba kijijini, yale mnayoyaita mageto, mtoto wa umri ule anajipikia na kujilinda mwenyewe. Akashikwa na homa. Hakuwa na wa kumpelekea taarifa mama yake. Mtu mwenye baiskeli alipofika kwa Mama Neema, safari iliyobaki ilikuwa ya kwenda kumchukua. Amezikwa nyuma ya nyumba, upande wa jua linakotokea.

"Shamba langu la karanga chukueni," akasema. "Shule iwe hapa. Watoto warudi kulala kwa mama zao."

Wale wazee wenye mashamba ya kutoa ya wenzao wakatazama miguu yao. Nami nililia, nasema wazi, na sikuwa na leso.

Sasa shika hapa, Elia, na kama una kalamu piga mstari. Hakutoa vyote. Alitoa kuanzia korongo lile la mchanga mpaka katikati ya kilima. Kuanzia hapo mpaka barabara alibakiza nyumba, kishamba cha uwele, na kaburi. Mwalimu Ndahani akasema mpaka tuupande siku hiyo hiyo, kabla watu hawajaenda kula, kwa sababu watu wakishashiba husahau. Tukapanda mkonge. Na pale wana utaratibu wao: anayepokea ardhi ndiye achimbe shimo, anayetoa ndiye ashike mche na kuupanda. Ukipokea, toka jasho. Ukitoa, weka mkono wako mwenyewe ili usije ukasema uliibiwa. Nikapewa jembe. Mkuu wa shule mzima, na viatu vya kisigino, nikachimba mashimo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mama Neema alinifuata nyuma na miche, anapanda, anakanyagia udongo kwa kisigino, anasema, "Endelea, Mwalimu." Tukala ugali wa uwele na mlenda pale pale mpakani, nusu ya watu wamekaa upande wa shule, nusu upande wake.

Hilo ndilo pori lisilo na mwenyewe.

Kuhusu wilaya, maana umeniuliza "shule ilianza katika wilaya ipi," hapo nilicheka peke yangu hadi jirani akachungulia. Mwanangu, mimi ni Msandawe. Nilizaliwa Kondoa na nitazikwa Chemba, na kijiji ni kile kile. Dodoma Vijijini ya zamani nayo iligawanywa ikazaa Bahi na Chamwino. Sitasema ni ipi ilituchukua sisi, nina heshima zangu. Nasema tu kwamba tulilala wilaya moja tukaamka wilaya nyingine, na shule haikuwa imesogea hata hatua. Nikienda kuomba madawati kwa wa zamani wananiambia, "Nyinyi si wetu tena, Madam." Nikienda kwa wapya wananiambia, "Karibu sana, ila majalada yenu bado hayajafika." Majalada yalikuwa yanatembea kwa miguu au vipi, sijui. Kisha kata nayo ikakatwa, diwani akawa mwingine, kibao cha getini kikapakwa rangi upya. Kila mgawanyo ulikuja na wakubwa wapya wasiojua lolote la nyuma, na kila mkubwa mpya alianza historia siku aliyofika yeye. Ndiyo maana nawachukia watu wa ukurasa mmoja.

Mimi nikahamishwa, nikapelekwa upande wa Makutupora, kwenye watoto wanaokuja darasani msimu wa zabibu na vidole vya rangi. Nikamwachia shule mkuu mwingine. Jina lake silitaji, ni mtu mzima na ana wajukuu. Alikuwa hodari wa nidhamu na hodari wa kupokea wageni. Siku moja kukawa na ujio wa mgeni rasmi, kuja kufungua maabara. Mkuu akazunguka eneo, mikono nyuma, akautazama mkonge, akasema shule inafanana na shamba la mkoloni. Uondolewe, eneo lipendeze.

Na nani auondoe? Hapo ndipo mnapoingia nyinyi, wanangu wapenzi.

Kila aliyechelewa kuhesabu namba asubuhi, kisiki kimoja. Haingii darasani mpaka kisiki kitoke. Mnakumbuka? Mnanikwepa macho sasa! Kisiki cha mkonge si cha mahindi. Kina miiba ya kuchoma jicho, kina utomvu wa kuwasha mpaka kwapani, na mizizi yake ina kiburi kuliko mbuzi. Na wachelewaji shuleni kwetu hawakupungua kamwe, kwa hiyo mstari ulikwisha kabla mgeni rasmi hajafika. Mpaka wa shule uling'olewa na wanafunzi wa shule, kwa amri ya shule, kama adhabu. Ukienda nchi nyingine ukawaeleza hawatakuamini. Hapa kwetu mtu anaitikia kwa kichwa tu, anauliza, "Kwani alikuwa mkuu gani?"

Mama Neema alikwenda kumwambia mkuu. Alimsalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akasimama mlangoni na kapu la karanga. Akajibiwa, "Bibi, tunapendezesha tu. Mpaka unajulikana."

Unajulikana! Na nani? Mwalimu Ndahani alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mwenyekiti wa kijiji wa wakati ule naye vivyo hivyo. Vijana, mpaka "unaojulikana" ndio unaopotea kwanza, kwa sababu hakuna anayejisumbua kuutunza.

Serikali ikahamia Dodoma, ardhi ikapanda hadhi, kila taasisi ikaambiwa ipime eneo lake. Jambo jema, sipingi. Akaja kijana mpima na chombo chake cha miguu mitatu. Akauliza shule mpaka wake uko wapi. Uongozi wa leo, watu wapya kabisa, ukamwonyesha maelezo ya shule: pori lisilo na mwenyewe, kutoka korongo hadi barabara. Kwa hiyo, Elia, ile sentensi yako hukuitunga wewe, uliinakili. Aliyeitunga sijui ni nani, na heri nisimjue. Mpima akaweka mawe yake ya mpaka barabarani. Nyumba, uwele na kaburi vikawa ndani ya shule. Wiki hiyo hiyo akaja mtu na kopo la rangi nyekundu.

Mama Neema alinipigia simu kwa simu ya jirani. Hakulia. Alisema, "Mwalimu, wameniandikia ukutani. Mimi sijui kusoma, lakini hiyo herufi kila mtu anaijua." Halafu akaniuliza, "Na mtoto nimpeleke wapi?" Nilidhani ana mjukuu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anamsema Neema.

Nikaenda baraza la kata. Nilivaa gauni langu la mahafali na nikaongea kama ninavyoongea hapa, labda kwa ukali zaidi. Mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Madam, tunakuheshimu. Lakini wewe ni shahidi mmoja, na ni rafiki yake." Kijana mpima naye akasema, tena kwa upole, "Shikamoo mama. Mimi napima kinachoonekana. Hapo hakuna kinachoonekana." Nilitaka kumvuta sikio, lakini alikuwa anasema kweli. Wakatupa nafasi: Jumanne inayofuata baraza lingekuja lenyewe shambani, saa mbili asubuhi. Mwenye ushahidi aje nao. Ukikosekana, Bibi aanze kutoa mabati.

Nilirudi mjini nimevimba kwa hasira. Nikashukia soko la Majengo kununua uwele, nikawa nagombana na kila mtu. Muuza nafaka mmoja nilimwambia debe lake limebonyea makusudi. Akacheka. "Madam hujabadilika." Nikamtazama. Yona! Yona wa kuchelewa! Mnamjua wote, yule aliyekuwa akikaa nyumba ya tatu kutoka shuleni na bado anafika wa mwisho. Sasa ana kitambi na genge kubwa la nafaka. Nikamwaga yote pale pale juu ya magunia: Mama Neema, X, baraza, mkonge.

"Mkonge upi, Madam? Ule wa adhabu?"

"Ule ule mlioung'oa, laana zenu."

Akanionyesha kovu kwenye kidole gumba. "Hili ni la kisiki changu cha kwanza. Kilikuwa sawa na mlango wa maabara, ukisimama ukatazama dirisha la Bibi Karanga. Cha pili kilikuwa karibu na kile kichuguu. Kulia kwangu alikuwa Rehema, alilia mpaka kamasi. Kushoto alikuwa Mussa, yeye alikuwa anaimba." Akaanza kupanga punje za mahindi juu ya gunia, moja moja, mstari mzima, na kila punje akaipa jina la mtu. Nilikaa chini juu ya magunia ya watu bila kukaribishwa.

"Yona," nikasema, "na hao wengine utawapata wapi?"

Akaona haya kidogo. "Tuna kundi letu kwenye simu, Madam. La wachelewaji. Tunakumbushana."

Wewe Elia hukuitwa, kwa sababu hukuwahi kuchelewa hata siku moja. Usinune. Ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne hiyo nilitoka Ihumwa mapema, hata jogoo hajamaliza. Nikapanda basi. Tumefika njiani, trafiki akanyoosha mkono: msafara wa mkubwa unapita. Tukakaa. Msafara haupiti. Dereva akazima injini, abiria mmoja akamenya chungwa, mimi nawaza Mama Neema amesimama peke yake mbele ya watu wenye faili. Nilimwambia trafiki kwa dirishani kwamba nina kesi ya ardhi. Akasema, "Mama, hata huyo anayepita ana haraka." Ulipopita hatimaye, ukapita kwa muda wa kupiga chafya. Nilishuka, nikachukua bodaboda, mimi na magoti yangu, kofia ya mtu kichwani, vumbi mpaka kwenye meno.

Nilipofika, baraza lilikuwa limeshafika. Mpima ameshasimamisha chombo. Na pale katikati ya kilima, wanangu, niliona watu wamesimama katika mstari.

Wachelewaji wote. Watu wazima. Rehema amevaa sare ya uuguzi, ametoka zamu moja kwa moja kutoka Kondoa. Mussa ana upara. Mmoja mjamzito ameshika mwavuli, mmoja yuko kwenye simu anambembeleza bosi wake. Kila mmoja amesimama aliposimama siku ile ya adhabu yake, na mbele ya miguu ya kila mmoja kuna kishimo. Yona alikuwa amechimba akapata kipande cha mzizi mkavu wa mkonge, akakiinua juu kama mtu aliyeshinda kombe. Wengine nao wakapata. Mstari ule ulitoka kwenye kichuguu ukapita upande wa chini wa nyumba ya Mama Neema, mbali na ukuta, mbali na kaburi.

Kijana mpima aliinama kwenye chombo chake. Akasogeza, akaangalia tena. "Umenyooka," akasema.

Mwenyekiti wa baraza akaniuliza, "Madam, hawa wote ni mashahidi?"

"Ni wachelewaji," nikasema.

Akacheka mpaka akashika mti. Halafu akamaliza kucheka, akavua kofia, akamwendea Mama Neema na kumwamkia. Mawe ya mpima yakang'olewa barabarani, yakahamishiwa mstarini siku ile ile, watu wakiona. Kuhusu ile X, vijana walitaka kuifuta kwa brashi. Mama Neema akakataa. "Aliyepaka aje afute mwenyewe, na aje mchana." Mpaka leo hajaja, na nasikia ofisi mbili zinabishana ni ya nani kazi ya kufuta. Ipo ukutani, na bibi anaanikia karanga chini yake.

Sasa Elia, shika kalamu. Futa pori. Andika jina lake kamili, andika karanga, andika kwa nini aliitoa ile ardhi. Mgeni rasmi mtamweka baadaye, akipatiwa nafasi. Hicho kijitabu kikitoka na lile neno, kesho kutwa atakuja mpima mwingine ambaye hajasikia habari hii, atakisoma, na kopo la rangi litafunguliwa tena. Na picha yangu sitaki. Wekeni ya Mama Neema, mkampige picha, na mnunue karanga.

Bado jambo moja, naliandika mwenyewe kabla Yona hajawasimulia kwa kuongeza chumvi. Wachelewaji walikuja na miche ya mkonge, kila mmoja wake, kupanda upya pale alipong'oa. Mama Neema alipita mstarini na fimbo yake, akipanda kwa kila mtu mmoja mmoja, anakanyagia udongo, anauliza, "Wewe mtoto wa nani?" Alipofika mwisho wa mstari, kwenye kichuguu chenyewe, akasimama. Palikuwa na pengo. Hakuna aliyesimama pale.

"Hapa alikuwa nani?"

Wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka. Labda alikuwa mmoja wa wale waliokwisha kututoka.

Yona akakohoa. "Samahani Madam. Leo nani amefika wa mwisho?"

Mstari mzima ukanigeukia. Nikaanza kueleza habari za msafara, na trafiki, na basi. Nilisikia sauti yangu mwenyewe, nikazisikia zenu zote mlizowahi kuniletea mlangoni asubuhi. Hawakucheka, watovu wa adabu wale. Walisubiri tu.

"Kisiki kimoja, Madam," akasema Rehema, na akaninyooshea jembe.

Nikavua viatu. Mama Neema akachagua mche mzuri, akausimamisha mkononi, akasema, "Endelea, Mwalimu." Nikainama, nikachimba.